Kiazi kitamu cha oveni kwa mwenye kisukari: yasemwayo na ukweli wake

Toa viazi vizima kwenye oveni baada ya saa moja, halafu utazame trei. Chini ya kila kiazi kuna ute mweusi ulionata kama asali iliyoungua. Ni sukari ile, na hakuna aliyeitia.

"Kuoka ni salama kuliko kuchemsha, maana hakuna mafuta."
Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Kiazi kitamu kina kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari iitwayo maltosi, na joto la oveni linalopenya polepole hukipa muda wa kutosha. Aina kumi za viazi zilipopimwa Jamaica, vilivyochemshwa vilipata kipimo cha glaisemia, yaani kasi ya chakula kupandisha sukari ya damu, cha 41 hadi 50, vilivyookwa 82 hadi 94. Kwa hiyo cha kuchemsha ndicho cha kila siku. Siku ya kuoka, mimi hukata vipande vidogo, maganda yakiwemo, oveni ikiwa tayari na moto wa nyuzi 220. Joto hupenya upesi, na dakika 25 zinatosha.

"Viazi lishe havipandishi sukari."
Rangi ya chungwa ya viazi hivi ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Wanga uko palepale: gramu 100 za kiazi kilichookwa zina takriban gramu 20. Kijiko kidogo cha mafuta usikionee choyo, kwani husaidia mwili kuifyonza hiyo beta-karotini.

"Paka asali badala ya sukari, nyunyiza na mdalasini."
Kijiko kikubwa cha asali kina wanga gramu 17. Mdalasini hunukia tu, haufuti kitu. Kitunguu saumu, bizari nyembamba na ndimu vinatosha.

"Mwenye kisukari asiguse kabisa."
Aguse, ila kwa hesabu. Shida ni kwamba kwetu kiazi ni kitafunwa, hakihesabiwi kuwa chakula, basi wali unabaki vilevile na kiazi kinapanda juu yake. Kikiingia kiazi, wali utoke. Kikae robo ya sahani, samaki robo, na nusu nzima iwe mboga. Matembele, majani ya kiazi hichohicho, yanafaa sana. Pima sukari kabla ya kula na tena baada ya saa mbili, uandike. Anayechoma insulini apeleke namba hizo kliniki kabla ya kubadilisha dozi yake.