Mlima kwanza, bahari baadaye: tunayowaambia wageni Moshi kuhusu kuzamia na mkondo

Mgeni akishateremka Kilimanjaro, miguu bado inamtetemeka, swali lake la kwanza ofisini kwetu Moshi ni bahari. Tunampeleka Zanzibar, Pemba au Mafia. Wengi wanataka kuzamia, na siku hizi wapo wanaoomba hasa kuzamia kwa kufuata mkondo: unashuka upande mmoja wa mlango wa mwamba, maji yanakubeba kati ya kuta za matumbawe, unaibukia upande wa pili. Mimi nimezaliwa Kibosho, na maji niliyoyajua utotoni ni ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Kuzamia nimejifunzia Mafia nikiwa mtu mzima, na tangu hapo yananiuma maneno tunayowapa wageni kwa kubahatisha. Mengine hayadhuru. Mengine yanaweza kumlemaza mtu.

"Mgongoni amebeba mtungi wa oksijeni"

Kosa hili lina asili yake hapa kwetu. Mlimani tunapanda na mitungi ya oksijeni kwa ajili ya dharura, kila mpagazi anaijua, kwa hiyo mtu akiona mtungi mgongoni mwa mzamiaji anadhani ni ule ule. Kaka mmoja niliyefanya naye kazi, muongoza wageni wa miaka mingi, alipendekeza kwa nia njema kabisa tumwazime mgeni mtungi wetu aende nao Pemba asiingie gharama ya kukodi.

Mtungi wa mzamiaji umejaa hewa hii hii tunayovuta, iliyochujwa, ikakaushwa na kushindiliwa. Oksijeni ni kama asilimia 21, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Oksijeni tupu inamwokoa mtu kambini Barafu, huko mlimani, lakini ndani ya maji, ukishapita mita 6 hivi, mgandamizo unaifanya iwe sumu kwa mishipa ya fahamu, na mtu anaweza kushikwa na degedege huko huko chini. Kwa wazamiaji, oksijeni tupu inakaa juu, botini, kwenye vifaa vya huduma ya kwanza. Hiyo naitrojeni nayo tutairudia, maana ndiyo kiini cha maneno yangu yote.

"Mkondo unataka mtu mwenye misuli"

Mpanda mlima anaamini nguvu, na ni haki yake. Ila mkondo haushindiki kwa miguu. Maji yakienda kasi mara mbili, nguvu ya kuyakabili inapanda mara nne. Mkondo wa noti moja (noti ni kipimo cha mwendo baharini), ambao wazamiaji wanauita wa kawaida, unakwenda karibu mita 30 kwa dakika, na mtu mwenye mapezi, jaketi na mtungi hawezi kuogelea kinyume chake kwa muda mrefu. Akiacha kupambana, mkondo huo huo unampitisha kilomita 1.2 ya mwamba kwa dakika 40 huku yeye amekunja mikono kifuani.

Hesabu ya hewa inaeleza vizuri zaidi. Chukua mtungi wa lita 12 ulioshindiliwa mara 200: una karibu lita 2,400 za hewa. Robo yake ni akiba, haiguswi. Zinabaki 1,800. Mtu aliyetulia anatumia, tuseme, lita 15 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 20 mgandamizo ni mara tatu ya juu, kwa hiyo kila pumzi inachota mara tatu: lita 45 kwa dakika, na mtungi unamfikisha dakika 40. Anayepigana na mkondo anahema lita 40 kwa dakika. Zidisha kwa tatu, unapata 120, na baada ya dakika 15 hewa yake ya kutumia imekwisha. Mbaya zaidi, kuhema huko kunamjaza hewa chafu kifuani, na hiyo ndiyo inayoleta hofu.

Ndiyo maana nawaambia wageni kwamba neno walilochoka kulisikia njiani, "polepole", linawafaa baharini kuliko mlimani. Hapo hapo nawaondolea wazo lingine, la kubana pumzi ili hewa isiishe. Ukijaza mapafu kwenye mita 10 ukapanda juu umebana, hewa ile inatanuka mara mbili, na mapafu yanaweza kupasuka. Pumzi haibanwi hata mara moja tangu kuingia hadi kutoka.

Haya yote hayana maana kwamba anayeanza leo aende mkondoni kesho. Cheti cha mwanzo kinamruhusu mtu kufika mita 18, nacho hupatikana kwa mazoezi ya siku kadhaa katika maji matulivu. Mkondo unafuata baada ya hapo. Kuna sehemu ambapo maji yakifika ukingo wa mwamba hupinda na kumwagika kuelekea chini, yakamvuta mtu nayo. Anayejua anaogelea kwa kukata upande, aachane na ukuta. Asiyejua anapiga miguu kwenda juu mpaka anachoka.

"Juu kumetulia, basi na chini kumetulia"

Sisi wa milimani tunaangalia upepo. Wavuvi wa pwani wanaangalia mwezi kwanza. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila safari saa sita na dakika kadhaa, na kila siku majira yake yanasogea mbele karibu dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, inafuata bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita 3 na zaidi. Katikati ya hapo kuna maji mafu, na tofauti inapungua sana.

Sasa fikiria Ghuba ya Chole kule Mafia, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Maji yote yanayoijaza ghuba na kuiacha yanapita kwenye milango michache tu, na wa Kinasi ndio unaosifika. Siku ya bamvua, katikati ya safari ya maji, mlango ule unakimbia kama mto wa masika hata kama juu bahari imelala kama kioo. Upande wa magharibi wa Pemba iko milango ya namna hiyo, Njao na Fundu, na nje yake kuna Mkondo wa Pemba, ile bahari kati ya kisiwa na bara, wenye kina cha mamia ya mita.

Kwa hiyo kiongozi wa wazamiaji hapangi saa kwa kufuata kifungua kinywa cha hoteli. Anataka maji yawe yanajaa. Yakijaa, yanaingia safi kutoka bahari kuu, unaona mbali, na ukipotea njia unasukumwa ndani ya ghuba. Yakipwa yanatoka na mchanga na tope, na yanakupeleka nje. Juu ya hapo kuna majira. Kusi ikivuma, ule mkondo wa pwani yetu unaoelekea kaskazini mwaka mzima unazidi nguvu, na mawimbi yanaifunga sehemu ya nje ya mwamba kwa siku nyingi. Mgeni anayepigiwa simu Moshi kwamba safari ya asubuhi imesogezwa mchana analalamika kuwa watu wa pwani hawajali muda. Nimelisikia lalamiko hilo mara nyingi mno, na kila mara mwezi ulikuwa umeshatoa jibu.

"Boti itamsubiri pale aliposhukia"

Haitamsubiri. Nahodha anafuata mapovu na boya. Kiongozi anakokota boya dogo kwa kamba, au mwishoni anapandisha boya refu lenye rangi kali linaloonekana kutoka mbali. Wote wanaingia majini kwa pamoja, kwa sababu anayechelewa dakika moja anaachwa mita 30 nyuma. Mtu akipotezana na wenzake anawatafuta dakika moja, kisha anapanda taratibu. Na zile dakika tatu za kusimama kwenye mita 5 kabla ya kuibuka, ili mwili utoe naitrojeni, hazifutwi na mkondo: mwili unajali kina tu, hata kama unasafirishwa. Kama boti haina mtu ambaye kazi yake ni kuangalia maji tu, mimi simpeleki mgeni wangu hapo.

"Akichoka ashike jiwe"

Jiwe lenyewe ni mnyama. Matumbawe yanajengwa na viumbe vidogo vyenye mikono laini, na matumbawe ya duara yaliyo makubwa kama meza hukua karibu sentimita 1 kwa mwaka. Mshiko mmoja unakwangua miaka mingi. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu, Mafia ikiwemo, yalipauka na kufa. Kabla na baada ya hapo, baruti za wavuvi haramu zilivunja mengine. Tunaolia barafu ya Kibo inavyopungua tunapaswa kuwaelewa wanaolilia mwamba. Mwenye haja ya kusimama mkondoni anatafuta nyuma ya mwamba mkubwa ambako maji yametulia, au anatumia ndoana maalumu kwenye jiwe lililokufa. Papa wanaulizwa sana. Mzamiaji anayemwona papa mlangoni humwona akiondoka.

"Mlima au bahari, uanze popote, ni ratiba tu"

Hili ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu hapa kosa ni letu wenyewe, tunaopanga ratiba.

Ukiwa pwani unabeba uzito wa hewa yote iliyo juu yako. Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito mwingine kama huo, na kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, unabaki na karibu nusu tu. Chini ya maji naitrojeni inazama kwenye damu na nyama za mwili. Ukipanda taratibu inatoka kwa njia ya mapafu, lakini haiishi siku hiyo. Inabaki mwilini kwa saa nyingi. Ukiupeleka mwili huo mahali penye hewa nyepesi ni kama kufungua soda iliyotikiswa: mapovu yanatokea kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, hata kwenye ubongo. Mtaalamu wa Uingereza J.S. Haldane alilipima jambo hili kwa kutumia mbuzi, na mwaka 1908 yeye na wenzake wakatoa jedwali la kwanza la kupanda kwa usalama. Miaka mitatu baadaye alikuwa Marekani, juu ya mlima Pikes Peak, akichunguza kupumua kwa watu wa mlimani. Kwake mlima na bahari lilikuwa somo moja.

Kanuni inayotumika leo ni kukaa saa 12 bila kupanda ndege baada ya kuzamia mara moja, saa 18 ukizamia mara nyingi au siku kadhaa mfululizo, na zaidi ya hapo kwa mizamio mirefu inayodai kusimama njiani wakati wa kupanda juu. Wengi tunaishia kwenye neno "ndege". Lakini kanuni hiyo inaanza kufanya kazi kwenye kimo cha mita 600 hivi. Mji wa Moshi uko zaidi ya mita 800. Arusha iko karibu 1,400, geti la Marangu karibu 1,900, ukingo wa Ngorongoro karibu 2,300. Anayezamia Pemba asubuhi, akavuka hadi Tanga na kupanda gari la Arusha, naye amepanda juu, ingawa hakuona ndege. Na ndege ndogo kama Cessna Caravan, zinazotoka visiwani kuja kwetu, hazina mgandamizo ndani: ikiruka kwenye kimo cha mita 3,000, na abiria yuko mita 3,000.

Niliwahi kupanga hivyo mimi mwenyewe. Familia moja, siku nne za kuzamia Mafia, ndege ya mchana siku ya mwisho, kesho yake geti la Lemosho kuanza kupanda Kilimanjaro. Siku ile ya mwisho kiongozi wa wazamiaji alikataa kuwashusha, akanipigia simu: "Dada, hawa watu unawapeleka wapi?" Nilipomwambia alinyamaza, kisha akanieleza yote kwa upole. Sijaisahau simu ile.

Mlima kwanza, bahari baadaye, hakuna shida ya naitrojeni. Muhimu ni kupumzika siku moja au mbili, kunywa maji ya kutosha, na kutozamia kama kikohozi cha mlimani au mafua yameziba pua na masikio. Akilazimika kuanza na bahari, mimi huacha siku nzima bila kuzamia kabla ya kuja Moshi, na mlima hauanzi kabla ya siku nyingine kupita.

Limebaki moja, la wenzangu wa mlimani. Wapo wanaoamini kwamba akitokea mgonjwa wa mapovu hayo ya naitrojeni, ule mfuko wa Gamow, tunaomfungia ndani mtu aliyeathiriwa na kimo kisha tukaujaza hewa, utamponya. Mfuko ule unaongeza karibu sehemu moja tu ya saba ya mgandamizo wa kawaida. Chumba anachotibiwa mzamiaji kinafika karibu mara 2.8 ya mgandamizo wa pwani, huku anavuta oksijeni tupu. Mgonjwa huyo mlaze, mpe oksijeni ya mtungi wetu, mteremshe haraka, usimwache ajikongoje mwenyewe. Ganzi ya mkono, maumivu ya bega, kichwa kizito, uchovu usioelezeka: hapa Moshi kila mtu, hata daktari, atafikiria kimo au safari ndefu. Kwa hiyo neno la kwanza mapokezi, kabla ya jina na kabla ya bima, liwe hili: mgonjwa huyu alikuwa chini ya maji juzi.