Wingi wa majaribio haupandishi alama za GRE

Kwa wanaojiandaa na GRE, mtihani unaotakiwa na baadhi ya vyuo vya nje ya nchi kwa waombaji wa shahada ya uzamili, kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea, ushauri ni uleule miaka nenda rudi: fanya majaribio mengi ya mazoezi, alama zitapanda zenyewe. Si kweli. Jaribio hupima tu. Kinachopandisha alama ni kazi inayofuata.

ETS, watungaji wa GRE, hutoa bure majaribio mawili ya POWERPREP kwenye intaneti. Ni hazina, usiyamalize wiki moja. La kwanza lifanye mapema, kwa mkupuo mmoja wa saa 1 na dakika 58, simu imezimwa. Umeme ukikatika ukamalizia kesho yake, alama hiyo usiiamini. Kisha pitia kila swali ulilokosa, pamoja na lile ulilobahatisha ukapata, uandike sababu kwenye daftari: hukujua kanuni, ulisoma haraka, au muda ulikuishia? Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko jaribio lenyewe, na ndiyo wengi wanayoiruka. Baada ya wiki, rudia maswali hayo bila kutazama majibu. Jaribio la pili libaki hadi siku 10 hivi kabla ya mtihani.

Kurudia jaribio lilelile hupima kumbukumbu tu. Jihadhari pia na kopi za vitini vya zamani: ni vya mtihani wa karibu saa 4, uliofupishwa Septemba 2023. Tena karatasi, tofauti na mtihani wenyewe wa kompyuta, haionyeshi jinsi ugumu wa sehemu ya pili ya hesabu unavyotegemea ulivyofanya ya kwanza.