Hifadhi ya tembo sio zizi

Ukianza tu kuongelea tembo na watu lazima mmoja aseme wekeni uzio wakae humo ndani yaishe. Hio ndo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwamba hifadhi ni zizi, ukishachora mpaka kwenye ramani na kuweka geti basi kazi imekwisha. Sasa tembo mkubwa anaweza kula kilo 150 za majani, magome na matawi kwa siku moja na kunywa lita 100 na zaidi za maji, zidisha hapo kwa kundi zima alafu uniambie ni zizi gani litawatosha mwaka mzima. Tembo anaishi kwa kutembea, anafuata mvua, anafuata matunda ya msimu, na jike mzee anayeongoza kundi ndo anakumbuka dimbwi lipi halikauki ukame ukikaza. Afrika zaidi ya nusu ya eneo wanalotumia tembo liko nje ya maeneo yanayolindwa kisheria, yaani hata mpaka ungekuwa mzuri vipi wao wanautoka tu. Ndo maana Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe waliunganisha hifadhi zao pamoja na ardhi za vijiji kwenye eneo moja linaloitwa KAZA, kama kilomita za mraba 520,000 hivi, na hesabu ya kutoka angani ya 2022 ilikuta humo tembo karibu 228,000. Hamna hifadhi moja ingebeba mzigo huo.

Alafu kuna hili la shoroba, yaani njia wanazopita wanyama kutoka eneo moja kwenda jingine, watu wanasema ni ardhi imekaa bure manake wamepita pale mchana mara kumi hawajaona hata tembo mmoja. Ni kweli hutamuona, anapita usiku, tena pengine kwa wiki chache tu za mwaka, lakini hizo wiki chache ndo zinaunganisha kundi la huku na maji ya kule. Ukilima katikati ya njia yake haachi kupita, anapita na shamba lako. Kenya walipoona barabara kuu imekata njia kati ya msitu wa Mlima Kenya na nyika za kaskazini yake walijenga njia ya chini ya barabara, na mwanzoni mwa 2011 tembo walishaanza kupita chini ya magari.

Na sio kila hifadhi ya tembo haina watu. India ilianzisha mradi wake wa tembo 1992, na yale maeneo wanayoyaita hifadhi za tembo yana vijiji na mashamba ndani yake.

Hapa kwenye maji ndo watu wengi wanapotea kwa nia njema kabisa. Ukame ukija kila mtu anasema chimbeni visima, tembo wanakufa kiu. Tsavo huko Kenya ukame wa 1970 na 1971 uliua tembo wanaokadiriwa karibu 6,000, wengi wao majike na watoto, na hawakufa kiu, walikufa njaa wakiwa karibu na maji. Jike mwenye mtoto mdogo hawezi kwenda mbali na maji, kwa hiyo anakula kilichopo pale karibu, na wenzake wote wanakula palepale, mpaka pembeni ya maji panabaki vumbi na miti iliyochunwa magome, chakula kipo mbali na maji yapo hapa na katikati mtoto hafiki. Ukichimba visima kila kona unawaweka tembo sehemu moja mwaka mzima na unaua ile miti ambayo ingewavusha mwaka mbaya. Kruger huko Afrika Kusini walichimba visima vingi sana miaka ya nyuma alafu wakaanza kuvifunga kimoja kimoja, na mi naona walifanya sawa japo kwa macho inaonekana ukatili.

Wakizidi wahamishe? Sawa inawezekana, lakini tembo sio mifuko ya saruji. Pilanesberg, hifadhi nyingine ya Afrika Kusini, walipelekwa tembo wadogo walionusurika Kruger walipokuwa wanaua tembo kupunguza idadi yao, yatima, hamna dume mkubwa hata mmoja wa kuwakalisha chini. Wale madume walipokua wakaanza kupata kipindi cha ukali, kile ambacho homoni zinapanda, mapema mno kuliko umri wao na miaka ya 90 wakaua vifaru weupe zaidi ya 40. 1998 wakaletwa madume sita wakubwa, na wale vijana wakatulia na vifaru wakaacha kuuawa. Kwa hiyo ukihamisha tembo hakikisha unahamisha familia na wazee wao.

Kuhusu ujangili sitasema mengi. Selous hapo Tanzania ilikuwa na mpaka, sheria na jina la urithi wa dunia tangu 1982, na bado kutoka tembo zaidi ya 100,000 miaka ya 70 walibaki kama 15,000 mwaka 2014. Mimba ya tembo ni miezi 22, hawarudi haraka. Hifadhi ya Addo, Afrika Kusini, ilianza 1931 na tembo 11 tu, leo wamepita 600, lakini hesabu mwenyewe hio ni miaka mingapi.

Lingine linaloniuma ni kuwaita wanavijiji maadui wa tembo. Mtu amelima mahindi miezi minne, usiku mmoja yameisha, utamwambia nini? Wapo waliokaa chini wakatafuta njia, mfano Sagalla pembeni ya Tsavo wanatundika mizinga ya nyuki kuzunguka shamba, imeunganishwa na waya, tembo akigusa waya mizinga inayumba nyuki wanatoka, ngozi yake nene lakini nyuki wanamuuma kwenye macho na ndani ya mkonga, anatikisa kichwa, anapiga masikio, anageuza na wenzake wote wanageuka. Mwenye shamba anabaki na mahindi na anavuna asali. Ila ukame ukiwa mkali nyuki wanahama mizinga, na kipindi hichohicho ndo tembo wana njaa zaidi, kwa hiyo watu bado wanalala shambani na tochi na madebe ya kupiga.