Kunyanyua au kupunguza matiti? Yanayosemwa kibarazani kwa fundi, na ukweli wake

Nashona nguo Sinza mwaka wa 18 huu, na kazi yangu inanifikisha mahali ambapo hata shoga wa mtu hafiki. Mwezi uliopita dada mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo alikuja kupimwa gauni la sendofu ya mdogo wake. Alipovua blauzi niliona mikanda ya sidiria imemchimba mabegani mifereji miwili, ngozi imekuwa nyeusi kama ya kisigino. Nilipokuwa napitisha futi kamba kifuani akasema, "Fundi, mimi nimeamua. Naenda kunyanyua. Kupunguza naogopa, kule wanakata sana."

Mimi mwenyewe nilipunguzwa miaka minne iliyopita. Nikaacha cherehani, tukakaa kwenye benchi.

"Kunyanyua ni operesheni ndogo, kupunguza ndiyo kubwa"

Hili nalisikia kuliko yote, na ndilo linalowapoteza watu. Kwa nje operesheni hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Zote kwa kawaida unapigwa nusu kaputi, unakaa mezani saa kama mbili hadi nne, na makovu yanafanana: moja linazunguka duara jeusi la chuchu, jingine linashuka hadi kwenye mkunjo wa chini, na kama titi ni kubwa au limelala sana, la tatu linafuata mkunjo wenyewe, umbo zima likawa kama nanga.

Tofauti iko ndani. Anayenyanyuliwa anaondolewa ngozi iliyozidi, nyama ya titi inapangwa upya, chuchu inapandishwa. Uzito unabaki karibu uleule. Anayepunguzwa anaondolewa ngozi, mafuta na nyama ya titi, na chuchu yake inapandishwa vilevile. Kwa maneno mengine, ukipunguza umeshanyanyuliwa humohumo, lakini ukinyanyua hujapunguziwa mzigo. Mfuko wa mchele uliotundikwa msumari wa chini, ukiuhamishia msumari wa juu, ni mchele uleule.

Nikamuuliza yule dada kinachomsumbua hasa. Shingo. Mgongo ikifika saa kumi jioni. Na joto la Januari, vipele chini ya titi mpaka anaweka leso katikati ya ngozi na ngozi. Hakutaja kioo hata mara moja. Shida zote tatu zinatokana na uzito. Akinyanyua tu, atapata makovu yaleyale, mifereji ya mabegani ibaki, na uzito uanze tena kuivuta ngozi chini.

"Matiti yakilala maana yake ni makubwa, yapunguzwe"

Hapa ni upande wa pili wa kosa lilelile. Nina mteja, mama wa watoto watatu, aliyepungua mwili sana. Ananiambia anataka kupunguza, lakini nikimpima, kifua chake ni cha kawaida kabisa. Sidiria yake ina makunyanzi juu, nyama yote imekaa chini kama maji kwenye mfuko wa nailoni. Huyo ana ngozi nyingi na nyama kidogo. Akipunguzwa atabaki na nini? Wake ni wa kunyanyua. Na ajue pia kwamba kunyanyua peke yake hakurudishi ule ujazo wa juu wa usichana. Anayeutaka huo huongezewa silikoni au mafuta ya mwili wake mwenyewe, na hayo ni mazungumzo mengine.

Madaktari hawakisii kwa macho. Mwaka 1976 daktari Paule Regnault wa Kanada aliyapanga matiti yaliyolala katika daraja tatu kwa kuangalia chuchu iko wapi ukilinganisha na mkunjo wa chini ya titi: ikiwa usawa wa mkunjo ni daraja la kwanza, ikiwa imeshuka chini yake, la pili, ikiwa ndiyo sehemu ya chini kabisa na inatazama sakafu, la tatu. Daktari wangu alipima pia kutoka kishimo cha koo hadi kwenye chuchu, kwa futi kamba kama yangu. Nilicheka. Sentimita 33, na mimi nilikuwa nazijua tangu zamani kwa sababu najishonea mwenyewe.

"Ni kunyonyesha ndiko kulikoyaangusha"

Masikini watoto, wanasingiziwa. Kinacholegeza ni mimba yenyewe, maana titi hujaa na kunywea, hata kwa mama ambaye hakunyonyesha siku moja. Ongeza umri, sigara, kunenepa na kukonda mara kwa mara, na ukubwa wa asili. Wanaoyaita maziwa ya wenzao "ndala" wangejua hili wangenyamaza kidogo.

"Piga push-up, paka mafuta, yatapanda"

Titi halina msuli wa kulinyanyua. Msuli uko nyuma yake, kwenye ukuta wa kifua. Ukiukuza umekuza ukuta. Mafuta ya kupaka yanaishia kwenye ngozi. Kupungua mwili kunaweza kupunguza titi lenye mafuta mengi, lakini mara nyingi linashuka zaidi.

"Ukipunguza hutanyonyesha tena"

Wapo wanaonyonyesha vizuri, wapo wanaopata maziwa kidogo wakaongezea ya kopo, na wapo wanaokosa kabisa. Inategemea sana kama chuchu iliachwa imeshikana na nyama na mirija iliyo chini yake. Hakuna daktari mkweli atakayekuahidi. Ndiyo maana wengi wanashauri umalize kuzaa kwanza, na kama umetoka kunyonyesha, usubiri miezi kadhaa titi litulie. Ukipata mimba baadaye umbo linaweza kubadilika tena, uwe ulinyanyua au ulipunguza.

"Kovu litafutika"

Halifutiki. Linafifia, na linachukua mwaka na zaidi. Kwa ngozi zetu kuna jambo la kuzungumzwa waziwazi: makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, keloidi. Ngozi nyeusi inayapata zaidi, na katikati ya kifua ni moja ya sehemu yanakopenda kuota. Kabla ya kuniuliza chochote kuhusu matiti, daktari alinishika sikio, akageuza, akatazama palipotobolewa. Langu lilikuwa safi. Kama lako lina kinundu, kiseme mapema.

Mimi kilichonisumbua ni pale mistari inapokutana chini. Palichelewa kufunga karibu wiki tano, nikawa nasafisha kila siku. Nikaambiwa ni sehemu inayochelewa kwa wengi, na kwa wavuta sigara na wenye kisukari huwa mbaya zaidi. Chuchu ya kushoto haina hisia mpaka leo. Bado nikiulizwa, ningerudia kesho.

"Kukatwa nyama ya titi kunaleta saratani"

Hapana. Nyama inayotolewa hupelekwa maabara kuchunguzwa, na mwenye umri mkubwa hupigwa picha ya matiti kabla ya kukatwa.

Yule dada aliuliza kama ni lazima aende India. Nikamwambia hospitali ya Mloganzila, hapahapa Dar es Salaam, wanafanya upasuaji rekebishi, kupunguza matiti kukiwemo. Na popote atakapokwenda aulize kama daktari ni bingwa wa upasuaji huo na amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Aulize pia bima, kwa sababu maumivu ya mgongo na vipele vinaweza kuhesabiwa ugonjwa, wakati kunyanyua kwa kawaida huitwa urembo.

Juzi amerudi na kitenge. Hajaamua bado. Nilipomuuliza nishone kwa vipimo gani akasema vya sasa, ila niache upana wa vidole viwili ndani ya mshono, ili huko mbele nguo iweze kubanwa.