Kuvuta nyumba za magurudumu Marekani: yanayosemwa na yaliyopo barabarani

“Nyumba ina magurudumu yake, basi ni tela kama tela lingine.”

Tela la kontena limeundwa litembee miaka. Nyumba imeundwa itoke kiwandani ifike kiwanjani, basi. Zilizojengwa kwa kanuni za shirikisho zilizoanza tarehe 15 Juni 1976 hukaa juu ya chesisi ya chuma, lakini ekseli na matairi mara nyingi hufunguliwa ikishafika, yakarudishwa yafungwe chini ya nyumba nyingine. Kwa hiyo unaweza kukabidhiwa nyumba ambayo bado inanukia rangi, na ekseli zake zimeshakwenda safari kadhaa.

Anzia hapo ukaguzi wako. Tairi la kawaida la nyumba hizi ni 8-14.5 (upana inchi 8, rimu inchi 14.5), na rimu yake haina kitovu: ni duara tupu linalobanwa kwenye habu, ile sehemu inayozunguka mwishoni mwa ekseli, kwa vibanio na nati. Ukikaza nati moja mpaka mwisho kabla ya wenzake, rimu inakaa upande. Piga jeki, zungusha gurudumu kwa mkono, na ushikilie kijiti karibu na ukingo wa rimu. Pengo likipanuka na kufinyika, legeza zote, ukaze kidogo kidogo kwa kurukaruka kama unayechora nyota. Ukiipuuza, tairi litalika upande mmoja, nati zitalegea, na siku moja utaona gurudumu lako likikupita.

Baada ya maili 25 hadi 30 za kwanza, simama. Kaza nati tena, kisha pitisha kiganja karibu na kila habu bila kuigusa. Yenye joto kuliko nyingine ina beringi iliyokosa grisi au breki inayoshika. Tairi moja likipasuka, jirani yake hubeba mzigo wa mawili, nalo halichelewi kufuata. Ndiyo maana spea moja haitoshi, na ziwe zimeshavishwa rimu.

“Kichwa chochote cha lori chenye nguvu kitaivuta.”

Nguvu si tatizo. Kichwa cha kazi hii ni kifupi, na nyuma hakina ile sahani ya kushikia tela. Kina goroli kubwa la chuma la inchi 2 na 5/16, takriban milimita 59. Breki za nyumba ni za umeme, si za upepo, kwa hiyo lazima kiwe na kifaa cha kuziendesha ndani ya kibanda. Kabla ya kutoka uani, nenda mwendo wa kobe, kamata breki za nyumba peke yake, uhisi inakurudisha nyuma. Usipohisi kitu, waya umekatika au haukuunganishwa vizuri. Na minyororo ya usalama ipite kwa kukatizana chini ya shingo, yaani chuma cha mbele cha nyumba kinachokaa juu ya goroli.

“Nyumba ya futi 16 ina upana wa futi 16.”

Hilo ni jina la dukani. Boksi lenyewe mara nyingi hupungua kidogo, na urefu unaotangazwa kwa kawaida huhesabu pia futi 4 za shingo. Kibali cha kupitisha mzigo mpana barabarani kinataka kipimo halisi, ukingo wa paa ukihesabiwa. Toa tepu upime mwenyewe. Upana usiohitaji kibali ni futi 8 na inchi 6, na njia moja ya barabara kuu ina upana wa futi 12. Kwa hiyo nyumba hizi huegemea njia ya mwenzio au bega la barabara muda wote. Kila jimbo lina kibali chake chenye njia iliyoandikwa. Simu ikikuelekeza kwingine, usiifuate: ukitoka kwenye njia hiyo huna kibali tena.

“Gari la kusindikiza likiwepo, lawama si yangu.”

Ni yako. Wanaokusindikiza hukuonya tu kuhusu waya, daraja jembamba na magari yajayo.

“Malipo ya maili ni makubwa, kwa hiyo pesa ni nyingi.”

Hesabu vizuri. Mara nyingi unalipwa ukiwa na mzigo, halafu unarudi mtupu, maana goroli lako halivuti tela la kawaida. Sheria inakuruhusu kuendesha muda wa saa 11, lakini vibali vingi vinataka mwanga wa jua, na Desemba kule kaskazini mwa Indiana, zinakotoka nyumba nyingi, mchana ni wa saa 9 na dakika chache. Ondoa muda wa foleni za mijini, ambako huruhusiwi kupita. Halafu kuna upepo: majimbo kadhaa husimamisha safari kasi ya upepo ikifika maili 25 kwa saa. Nyumba nyingine huvutwa kwa vipande viwili vinavyounganishwa kiwanjani, na kila nusu haina ukuta upande mmoja, imezibwa kwa nailoni iliyopigiliwa fito. Nailoni ikianza kupigapiga, upepo umeshapata mlango. Simama upigilie upya, la sivyo mvua italowesha dari na mteja hatapokea.

“Dereva ndiye anayeisimika.”

Hapana, hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni yake.

“Nyumba kuukuu ni ile ile, unaifunga unaondoka.”

Ya kabla ya Juni 1976 inaweza kukataliwa na wilaya au kiwanja inakokwenda. Zilizofuata hubeba kibati chekundu nje, kimoja kwa kila kipande, kitafute. Ingia chini ugonge chuma cha chesisi kwa nyundo, maana kutu hula palipokuwa pakivuja. Matairi yaliyosimama miaka hayahimili safari hata yakionekana mazima. Na North Carolina, kwa mfano, kodi ya nyumba isipolipwa, wilaya haitoi karatasi ya kuihamisha. Omba uione karatasi hiyo kabla hujapiga jeki.