Hati unayo, mpaka je?

Wengi wanaofika ofisini na malalamiko ya mipaka huja na bahasha moja ya kaki. Ndani mna hati miliki, mkataba wa mauziano, stakabadhi za wakili na risiti za ushuru wa serikali. Karatasi zote zimetimia. Kitu kimoja tu hakipo: hakuna aliyewahi kuwatembeza kwenye pembe za ploti yao. Muuzaji alinyoosha kidole akasema, "Kutoka hapa mpaka kule mwembeni," wakapeana mikono, pesa zikahama. Kisha familia inaingia, fundi anaitwa ajenge ukuta, na msingi haujakauka jirani amesimama juu yake: "Hapa ni kwangu."

Hati miliki hujibu swali la nani. Swali la wapi hujibiwa na ramani, na ramani zetu hapa Pwani ya Kenya si za aina moja. Ploti nyingi za mjini Malindi na za ufukweni zina chimbuko katika sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotungwa kwa ajili ya ukanda wa Mwambao. Hizi hupimwa moja moja na huwa na ramani ya hati iliyoandikwa namba ya kila bikoni (alama inayowekwa kwenye pembe ya ploti), umbali kutoka bikoni hadi bikoni, na mwelekeo wake kwa digrii. Mashamba ya bara ya Kilifi, na yale ya mipango ya makazi kama Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, mengi huonyeshwa kwenye ramani ya pamoja ya usajili, ambamo mashamba kadhaa yamechorwa kwenye karatasi moja.

Tofauti hii si ya wataalamu peke yao. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinasema waziwazi kwamba ramani ya usajili huonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mpaka umepimwa na kuandikwa kwenye rejista kuwa umethibitishwa. Ramani nyingi za namna hiyo zimechorwa kwa kipimo cha 1 kwa 2,500. Maana yake, milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi. Wino wa kalamu butu unatosha kumeza choo cha nje pamoja na njia ya kukiendea. Kwa hiyo mtu anapokuja na fotokopi na rula ya mtoto wa shule kunionyesha jirani "amekula futi tatu", mimi huiweka rula kando kwanza.

Kuna na hili la 50 kwa 100. Ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa mitaani kama moja ya nane ya ekari. Piga hesabu: ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani mita za mraba zipatazo 464. Moja ya nane ya ekari kamili ni mita za mraba 506. Mara nyingi hizo 40 na ushei zilizopungua zimekwenda kwenye barabara za ndani wakati shamba kubwa lilipokatwa, na wapimaji wengi siku hizi hukata mita 15 kwa 30, ndiyo sababu hati yako inasoma hekta 0.045. Jirani hajakuibia. Ugomvi niliouona ukianzia hapa ungeweza kumalizwa na kalkuleta ya simu.

Sasa bikoni yenyewe. Wengi hudhani ni jiwe kubwa jeupe linaloonekana toka barabarani. Kwa kawaida ni pini ya chuma, unene wa kidole, iliyosimamishwa ndani ya zege. Penye mwamba wa matumbawe huweza kuchimbiwa mwambani. Kwa miaka mchanga huifukia, takataka humwagwa juu yake, mwarobaini huota pembeni. Mpima hufika na vipimo vya ramani, huanza kwenye bikoni za jirani ambazo bado zipo, hupima hadi mahali pini inapopaswa kuwa, ndipo jembe linapoingia. Mara nyingi chuma kinapatikana pale pale, kimeliwa na kutu ya chumvi lakini hakijahama. Kisipopatikana, mpima mwenye leseni hukirudisha kwa kufuata rekodi za upimaji. Kisichoruhusiwa kabisa ni wewe, fundi wako au jirani kuking'oa na "kukisogeza kidogo". Kuharibu au kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai, na hata ploti ikiwa yako pande zote mbili, alama si yako kuichezea.

Ushauri wangu kwa aliyenunua nyumba karibuni: mpima atangulie, mwashi afuate. Gharama ya kufufua bikoni nne haifiki popote karibu na gharama ya kubomoa ukuta uliokwisha kupigwa lipu. Na siku hiyo waite majirani wa pande zote wasimame waone. Jirani aliyeona pini ikifukuliwa kwa macho yake ni vigumu kuikana baadaye.

Mpaka ukishajulikana, linabaki swali ambalo wanunuzi hulisahau: nani mwingine ana haki ndani ya mpaka huo? Kumiliki ardhi hakumaanishi kwamba hakuna mwingine anayeweza kuikanyaga kisheria. Haki ya njia, haki ya kuchota maji kisimani, haki ya bomba kupita chini au nyaya kupita juu, hizi hufuata ardhi yenyewe. Mwenye ardhi akiuza, haki hubaki palepale, ikimsubiri mwenye ardhi mpya.

Baadhi zimeandikwa. Ukifanya upekuzi wa ardhi, ile sachi, usitosheke na jina la mwenye ardhi. Soma vipengele vyote vya rejista, hasa sehemu ya vikwazo, ambayo kwenye grini kadi, yaani kadi ya rejista ya ardhi, ni sehemu ya C. Lakini kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinataja haki ambazo hukufunga hata kama hazikuandikwa popote: njia na maji yaliyokuwapo wakati ardhi inasajiliwa mara ya kwanza, haki ya asili ya mwanga, hewa na maji, nyaya za umeme na za simu zilizowekwa kwa mujibu wa sheria, na haki zilizopatikana kwa kutumiwa muda mrefu. Karatasi haitakuambia haya. Yatakuambia miguu yako na midomo ya wenyeji.

Mfano ambao huturudia kwa sura mbalimbali ni huu. Mtu ananunua shamba lenye nyumba upande wa Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Katikati ya shamba mna njia nyembamba iliyokanyagwa hadi ikang'aa. Anaona ni wapita njia tu. Anazungusha seng'enge, anatia geti, anafunga kufuli. Kesho yake asubihi mkokoteni wa maji umesimama nje ya geti, madumu ishirini yamejaa, na mzee wa mtaa anamwambia kwa upole: "Mwanangu, jeneza la mamangu lilipita njia hii." Kisheria mzee huyo hajaleta hadithi, ameleta ushahidi. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ukomo wa Muda wa Kesi kinasema njia iliyotumiwa miaka 20 mfululizo, waziwazi, kwa amani na kama haki, huwa haki kamili. Mnunuzi hawezi kuifuta kwa kufuli.

Neno la kushika hapo ni "kama haki". Anayepita kwa hisani ya mwenye ardhi, kwa kuomba na kukubaliwa, hapati haki hiyo hata apite miaka 40. Kwa hiyo ukimruhusu jirani akatize uani kwako kwa kuwa mnapendana, andikeni karatasi fupi kwamba ni ruhusa, mtie sahihi nyote wawili. Si uchoyo. Wanenu ndio watakaoishi na matokeo yake, na wao huenda wasipendane. Vilevile, ikiwa mmekubaliana njia iwe ya kudumu, msiiachie kwenye maneno. Ipimwe upana wake, ichorwe, isajiliwe kwa fomu rasmi ili iandikwe kwenye rejista za ploti zote mbili. Na mwenye haki ya kupita ana haki ya kupita tu. Hawezi kuegesha lori wala kupiga kibanda cha viazi karai.

Je, wewe ndiye uliyenunua ploti iliyozingirwa pande zote, huna pa kutokea? Hili hutokea sana shamba kubwa linapokatwa vipande bila kufikiria barabara. Kwanza zungumza na jirani. Akikataa katakata, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 140, inakuruhusu kuomba mahakama ikupe amri ya njia. Mahakama hutazama ilikuwaje ukajikuta umefungiwa, pande zote zimeenendaje, na jirani ataumia kiasi gani. Inaweza kukuamuru umlipe.

Wa ufukweni nao wana lao. Katiba, ibara ya 62, inaiweka ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa kuwa ya umma. Hapa Malindi tope na mchanga wa mto Sabaki umeusukuma ufuo wa ghuba mbele, na nyumba zilizokuwa zikirushiwa mawimbi sasa ziko mbali na maji kuliko zamani. Usiufuate mchanga na ua wako. Vipimo vya hati yako ndivyo vitakavyotazamwa kwanza.

Pwani pia ina desturi ambazo mnunuzi kutoka bara hazimjii akilini. Ipo nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Ukinunua nyumba ya namna hiyo umenunua kuta na paa, basi. Ipo minazi yenye mwenyewe tofauti na mwenye shamba. Uliza kabla hujaangusha dafu. Na ipo mali ya wakfu, ambayo haiuzwi kiholela hata muuzaji akiwa na funguo zake. Penye shaka ya wakfu, ulizia kwa Tume ya Wakfu.

Lamu mjini ni habari nyingine. Pale Mkomani nyumba za mawe zimebanana, ukuta mmoja hubeba boriti za nyumba mbili, na wikio, yaani chumba kilichojengwa kama daraja, huvuka kichochoro likiunganisha ghorofa za pande mbili. Bikoni haikusaidii sana kwenye ukuta wa pamoja. Cha kuuliza ni: boriti za nani zimelala juu ya ukuta huu, maji ya dari yanamwagika wapi, na wikio linahesabiwa kuwa la nyumba ipi? Ukibomoa upande wako ukadhoofisha wa jirani, umevunja haki yake ya kuegemea. Tena Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ongea na Makumbusho ya Kitaifa na kaunti kabla nyundo haijapanda.

Ugomvi ukishazuka, zipo njia mbili ambazo watu hukosea. Ya kwanza ni kungoja. Ukuta uliosimama ndani ya ardhi yako miaka 12 bila wewe kudai unaweza kukugharimu kipande hicho, kwa kuwa sheria ya ukomo hukata haki ya kukidai. (Ardhi ya umma haiingii hapa. Aliyejenga juu ya hifadhi ya barabara hapati kitu hata akikaa miaka 50.) Ya pili ni kukimbilia mahakamani. Kifungu kilekile cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka haujaamuliwa kwa utaratibu wake, na kesi nyingi zimetupwa kwa sababu hiyo tu, ada za wakili zikiwa zimekwisha kuliwa.

Anza kwa Msajili wa Ardhi wa eneo lako. Andika barua ya maombi, ambatanisha nakala ya hati, kitambulisho, matokeo ya sachi ya karibuni, ramani, na majina ya majirani wote wanaopakana nawe, si yule mnayegombana peke yake. Msajili atatoa ilani, atapanga siku, atafika uwanjani pamoja na mpima wa serikali, atawasikiliza nyote, mpaka utapimwa na uamuzi wake utaandikwa. Siku hiyo leta wazee wanaoijua ardhi na usilete vijana wa kupiga kelele. Asiyeridhika na uamuzi huo ndipo huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo kwetu huketi hapa Malindi.