Dawa mseto na kijiko cha mawese

Mgonjwa wa malaria akimeza mseto kwa chai ya rangi, vidonge vyote vinafika tumboni, lakini dawa haifiki yote kwenye damu. Dirishani pa dawa huambiwa harakaharaka "umeze baada ya kula", naye huondoka akidhani anakingwa asiumwe tumbo. Sivyo. Chakula hapa ni sehemu ya dawa yenyewe, na lazima kiwe na mafuta.

Mseto wa ALu, yaani artemetha na lumefantrini, ndio dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini Tanzania tangu 2006. Kile kidonge cha njano kina artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120, na dawa hizi mbili zimegawana kazi. Artemetha hupiga vimelea vingi kwa saa chache, homa ikashuka, kisha nayo inaisha mwilini upesi. Lumefantrini hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyosalia. Ndiyo maana aliyenyonya lumefantrini kidogo hujisikia mzima siku ya tatu, halafu wiki ya tatu au ya nne homa inarudi. Watu husema dawa imechakachuliwa. Mara nyingine kilichokosekana ni mafuta tu.

Lumefantrini na maji haviivani. Chukua glasi ya maji, dondoshea mawese: yanaelea juu kwa vijiduara vyekundu, na ukikoroga yanajikusanya tena. Tia sabuni kidogo ukoroge, maji yote yanageuka ya rangi ya chungwa, kwa kuwa mafuta yamevunjika kuwa chembe ndogo mno. Utumbo hufanya hivyohivyo, sabuni yake ikiwa nyongo. Lakini kibofu cha nyongo hakijikamui vizuri mpaka kionje mafuta au protini kwenye utumbo mwembamba. Strungi na kiporo cha ugali mkavu havikiamshi vya kutosha. Nyongo isiposhuka, lumefantrini hubaki unga unaopita njia yake mpaka chooni. Kwa watu wazima wasio wagonjwa, mlo wenye mafuta mengi uliongeza unyonyaji wa lumefantrini takriban mara 16, na wa artemetha mara 2.

Habari njema ni kwamba mafuta yanayohitajika ni kidogo. Kipimo kilichofanywa kwa maziwa ya soya kilionyesha kuwa gramu 1.2 tu za mafuta zinafikisha unyonyaji karibu na kilele. Kijiko kimoja cha chai cha mawese kina gramu 4 hadi 5. Nusu kikombe cha maziwa ya ng'ombe yasiyoenguliwa ni gramu 4 hivi, yai moja ni gramu 5, na karanga za kujaa kiganja huvuka 10. Kwa hiyo ugali wa muhogo, ambao wenyewe hauna mafuta ya kutajika, ukiliwa na samaki wa mgebuka aliyekaangwa kwa mawese umeshatosha. Dagaa wa kuchemsha na chumvi pekee, au uji mweupe, ni afadhali uvitilie kijiko cha karanga za kusaga au maziwa. Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, parachichi lipo. Robo yake inatosha.

Tatizo ni kwamba mwenye malaria anachefukwa, chakula hakitazamiki. Asilazimishwe sahani. Ale matonge mawili matatu au anywe maziwa, kisha ameze papo hapo. Kumnywesha mawese matupu ni kumtafutia matapishi, hivyo yachanganywe kwenye chakula. Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, dozi hiyo irudiwe, na zahanati wampe vidonge vya kufidia ili pakiti isipungue. Dozi za mwanzo zinaponywewa tumbo likiwa tupu, za siku ya pili na ya tatu, hamu ya kula ikisharudi, zisikose mafuta hata mara moja.

Kwa mtoto, kidonge cha kuyeyuka kinawekwa kwenye maji safi mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai, kinakorogwa na kunywewa chote; chombo kinasuuzwa kwa kiasi kilekile cha maji, naye anapewa suuzo hilo, kwani unga mwingi hubaki chini. Kuyeyuka kwenye kikombe hakuondoi haja ya mafuta. Mtoto anyonyeshwe papo hapo. Maziwa ya mama yana mafuta ya kutosha.

Idadi ya vidonge inafuata uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 ni kimoja kwa kila dozi, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Dozi ni sita. Ya pili ndiyo inayokosewa zaidi, kwa kuwa inafuata baada ya saa 8, si 12. Aliyeanza saa 4 asubuhi anameza ya pili saa 12 jioni, kisha saa 4 asubuhi na saa 4 usiku kwa siku mbili zinazofuata. Na ukirudi kupima baada ya wiki mbili, kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuonyesha malaria wakati vimelea vimeshakufa, maana kinanasa protini walizoacha. Hapo omba damu itazamwe kwa hadubini.

Kanabidioli, kiambato cha bangi kisicholevya kinachosifiwa sana mitandaoni, ina ugonjwa uleule wa kuchukia maji. Ikimezwa, takriban asilimia 6 tu hufika kwenye mzunguko wa damu, nyingine ikikwama utumboni au ikivunjwa na ini. Dawa ya kifafa Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta, miligramu 100 kwa kila mililita, na mlo wa mafuta mengi huongeza kiasi kinachofika kwenye damu kama mara 4. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ainywe kwa namna moja kila siku, ama na chakula ama bila chakula, ili kiwango kisipande na kushuka. Matone ya chini ya ulimi hayakwepi ini kama yanavyotangazwa, kwani mengi humezwa na mate. Bangi ya kuchemshwa nyumbani kwenye mafuta ni kitu kingine kabisa: ni marufuku kisheria, kipimo chake hakijulikani, na kinacholevya kimo.

Mafuta si ya kila dawa. Rifampisini na isoniazidi za kifua kikuu hunyonywa vizuri tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula. Anayezitumia aseme kabla ya kupewa mseto, kwa sababu rifampisini huamsha ini liisage lumefantrini upesi, na hapo hata sufuria nzima ya mawese haisaidii.